Njia ya Joto: Kufunga Kipozaji cha Prosesa katika Kompyuta za Uvira

Kompyuta ya mezani inapozimika ghafla katikati ya kazi, au inapozidi kuwa nzito kadiri jua linavyopanda, lawama huangukia programu, virusi au umeme, ilhali mara nyingi chanzo cha tatizo ni kifaa cha metali na feni kinachokaa juu ya prosesa, ambacho ama hakikufungwa sawasawa tangu siku ya kwanza, ama kimeachwa kwa miaka bila kusafishwa. Kifaa hicho huitwa kipozaji, na prosesa inayofunikwa nacho ni kipande cha silikoni kinachotekeleza amri zote za programu. Vyote viwili hukaa juu ya ubao mama, yaani bamba pana la saketi ambalo mafundi wa Kongo, kwa kufuata Kifaransa, huliita karti-meri, na ambalo huunganisha prosesa, kumbukumbu, diski na vifaa vingine vyote.

Katika mji wa Uvira, uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na ufuo wa kaskazini-magharibi wa Ziwa Tanganyika, kazi ya kufunga kipozaji ina masharti yake yenyewe. Hewa ya huko ni ya joto karibu mwaka mzima, kiangazi huleta vumbi, umeme hukatika na kurudi, na si ajabu kukuta katika vibanda vya uchapaji na fotokopi, shule au ofisi kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kuvuka mpaka kutoka Bujumbura au kuteremka kutoka Bukavu. Makala haya yanaeleza jinsi kifaa hicho kinavyochaguliwa, kinavyofungwa na kinavyotunzwa katika mazingira hayo, na yanatetea hoja moja: kwamba kipozaji hakitengenezi baridi, bali hulifungulia joto njia ya kutokea, na kwamba njia hiyo haiishii kwenye metali, bali huendelea mpaka dirishani.

Joto linatoka wapi

Prosesa imejaa transista, yaani swichi ndogo mno ambazo huwaka na kuzima mara nyingi mno katika kila sekunde. Prosesa ya Intel 4004, iliyotolewa mwaka 1971, ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Za leo huhesabiwa kwa mabilioni. Kila swichi inapobadili hali hutumia umeme kidogo, na kwa kuwa prosesa haizungushi mota wala haitoi mwanga, takribani umeme wote unaoingia ndani yake hugeuka kuwa joto. Prosesa inayokula wati 65 inapaswa basi kutoa joto la wati 65 bila kukoma, tena kutoka eneo la silikoni ambalo mara nyingi halizidi sentimita mbili za mraba.

Hali haikuwa hivyo tangu awali, kwani prosesa ya 8086 ya mwaka 1978, pamoja na nyingi za miaka ya 1980, zilifanya kazi bila kipozaji chochote, joto lake likipotea lenyewe hewani. Prosesa za Pentium, zilizoanza kuuzwa mwaka 1993, ndizo zilizofanya bonge la metali lenye feni kuwa jambo la kawaida katika kompyuta za mezani. Tangu hapo mahitaji yamepanda sana upande wa juu wa soko, ambako prosesa ya Core i9-13900K ya mwaka 2022 inaruhusiwa kufikia wati 253 wakati wa kazi nzito. Lakini kompyuta za kiofisi zinazofika katika maduka ya mitumba zimebaki chini ya hapo, kwa mfano zile zenye Core i5-2400, inayohesabiwa kuwa ya wati 95, au Core i5-6500, inayohesabiwa kuwa ya wati 65.

Prosesa za kisasa zina vipimajoto ndani yake. Zinapokaribia kikomo, ambacho kwa aina nyingi ni kama nyuzi 100 za Selsiasi, hupunguza mwendo ili zipunguze joto, na kama hilo halitoshi, huzima kompyuta nzima. Kinga hiyo haikuwapo katika kila prosesa: mwaka 2001 waandishi wa tovuti ya Tom's Hardware walionyesha kwa video jinsi prosesa ya Athlon ya wakati huo ilivyoungua mara tu kipozaji kilipoondolewa, huku Pentium 4 ikipunguza mwendo na kuendelea kuishi. Leo ni nadra prosesa kuungua kwa njia hiyo, lakini kinga iliyoiokoa ndiyo pia inayoficha ugonjwa, kwa sababu mwenye kompyuta haoni moshi wala hasikii harufu. Huona tu kwamba hati iliyofunguka upesi asubuhi inachukua muda mrefu saa nane mchana, naye huhitimisha kwamba mashine imezeeka.

Viungo vya njia

Joto linalozaliwa katika silikoni hupita katika mfululizo wa viungo, na kila kiungo kinaweza kulizuia. Kwanza hufika kwenye kifuniko cha metali kilicho juu ya prosesa, ambacho kazi yake ni kulinda silikoni na kulitandaza joto kwenye eneo pana zaidi. Kutoka hapo huvuka tabaka jembamba la pasti ya kupitishia joto, likaingia kwenye kitako cha kipozaji, likapanda hadi kwenye mapezi, yaani mabamba membamba yaliyopangwa kwa nafasi ndogondogo, na hatimaye likachukuliwa na hewa inayosukumwa na feni.

Metali mbili hutawala safari hiyo. Shaba hupitisha joto kwa kiwango cha karibu wati 400 kwa kila mita na kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, wakati alumini hupitisha karibu asilimia 60 ya kiwango hicho; lakini shaba ina uzito unaozidi mara tatu ule wa alumini yenye ujazo uleule, na bei yake ni kubwa. Kwa hiyo vipozaji vingi vizuri huwa na kitako cha shaba, mahali joto lilipobanana, na mapezi ya alumini, mahali panapohitajika eneo kubwa kwa uzito mdogo. Vile vya bei nafuu ni alumini tupu, au alumini yenye duara la shaba katikati. Kwa msomaji wa Kongo habari hiyo si ya mbali, kwa kuwa nchi yake ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa shaba duniani kutokana na migodi ya Lualaba na Haut-Katanga, na kwa kuwa bati linalounganisha vipande vya ubao mama, pamoja na tantali iliyomo katika baadhi ya kapasita zake, hutokana na madini ya kasiteriti na koltani ambayo huchimbwa pia katika Kivu.

Vipozaji vyenye umbo la mnara huongeza kiungo kingine, nacho ni mirija ya joto. Hiyo ni mirija ya shaba iliyozibwa pande zote, yenye kimiminika kidogo ndani yake, mara nyingi maji, katika hali ya shinikizo la chini. Upande wa chini unapopata joto kimiminika hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa juu ulio na ubaridi, huko hurudi kuwa kimiminika na kuacha joto lake kwenye mapezi, kisha kimiminika hicho hurudi chini kikifyonzwa na utambi wa metali uliopakwa ndani ya mrija. Mwanafizikia George Grover wa maabara ya Los Alamos, Marekani, ndiye aliyekitengeneza na kukieleza kifaa hicho mwaka 1963, kikafaa kwanza katika vyombo vya anga za juu kabla ya kushuka mezani. Kwa sababu ya utambi huo, mrija wa joto hufanya kazi kompyuta ikiwa imesimama au imelazwa.

Kiungo dhaifu kuliko vyote ni hewa. Shaba hupitisha joto karibu mara 15,000 kuliko hewa iliyotulia, na hiyo ndiyo sababu ya mambo mawili yanayoonekana hayahusiani: pasti huwekwa ili kuondoa hewa iliyonaswa katika mikwaruzo isiyoonekana kati ya metali mbili, na feni huwekwa ili hewa isitulie. Wakazi wa ufuoni wanaijua nguvu ya hewa inayotembea kutokana na joto peke yake, kwani mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani, kisha usiku mwelekeo hugeuka na upepo hushuka kutoka milimani. Mwendo huohuo hutokea ndani ya kasha la kompyuta, ila ni dhaifu mno kuweza kuondoa wati 65 kutoka kwenye kifaa kinachoenea kiganjani, na hapo ndipo feni inapohitajika.

Hesabu ya chumba

Wataalamu hupima ubora wa kipozaji kwa ukinzani wa joto, yaani idadi ya nyuzi ambazo prosesa hupanda juu ya joto la hewa kwa kila wati moja. Kipozaji chenye ukinzani wa nusu nyuzi kwa wati, kikifungwa juu ya prosesa ya wati 65, kitaiacha ikiwa na nyuzi 32.5 juu ya hewa inayokizunguka. Neno la kuzingatia hapo ni "juu", kwa kuwa kipozaji cha feni hakiwezi kamwe kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoingia. Hewa ya chumba ndiyo sakafu ya hesabu nzima.

Chukua chumba cha Uvira chenye paa la bati ambamo alasiri hewa imefikia nyuzi 30, na ndani ya kasha, kwa sababu ya diski na saketi nyingine, imefikia 36. Prosesa itakuwa na nyuzi 68.5, hali isiyo na tatizo lolote. Vumbi likiziba mapezi na pasti ikikauka mpaka ukinzani ukawa maradufu, prosesa hiyohiyo italazimika kufika nyuzi 101, yaani itagonga kikomo na kuanza kujipunguza mwendo. Kompyuta hiyohiyo yenye vumbi lilelile ikiwa Bukavu, katika chumba cha nyuzi 22 na kasha la nyuzi 28, itafika 93, na mwenyewe huenda asijue kwamba ina kasoro. Uchafu unaovumilika mlimani hauvumiliki ziwani, na ndiyo maana mashine iliyoonekana nzima ilipojaribiwa Bukavu inaweza kuanza kulegea wiki ya kwanza baada ya kuteremshwa Uvira.

Mwinuko nao una sehemu yake, ingawa ni ndogo. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 9 likilinganishwa na pwani. Bukavu, yenye mwinuko wa karibu mita 1,500, hupungukiwa kwa kama asilimia 17, na nyanda za juu za Minembwe kwa zaidi ya hapo. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo kwa kila mzunguko wa feni, lakini baridi ya milimani hulipa deni hilo na kubakiza. Ufuo una hewa nzito kidogo, ila ina joto, na kati ya mambo hayo mawili joto ndilo lenye uzito zaidi.

Kuchagua kifaa kinachokubaliana na ubao mama

Kipozaji hakichaguliwi kwa ukubwa peke yake. Jambo la kwanza ni soketi, yaani kitanda ambamo prosesa hulala, kwa sababu kila kizazi cha soketi kina matundu ya kufungia yenye umbali wake. Katika ubao mama wa Intel, soketi ya LGA775 ina matundu yanayotengana kwa milimita 72. Zile za LGA1156, 1155, 1150, 1151 na 1200 zote hutumia milimita 75, na kwa hiyo kipozaji cha moja huingia katika nyingine. LGA1700, iliyotoka mwaka 2021, hutumia milimita 78. Upande wa AMD, vipozaji vingi vya soketi ya AM4 huingia pia katika AM5 ya mwaka 2022, mradi visihitaji bamba la nyuma la kwao, kwa kuwa bamba la AM5 halikusudiwi kubadilishwa.

Jambo la pili ni uwezo wa kipozaji kulinganishwa na wati za prosesa, na hapa busara ya ufuoni ni kuchagua kinachozidi kidogo mahitaji ya kwenye karatasi, kwani vipimo vya watengenezaji havikufanywa chini ya paa la bati. Jambo la tatu ni kimo, kwa sababu mnara wa sentimita 15 hauwezi kuingia katika kasha jembamba la kiofisi. Jambo la nne ni upekee wa baadhi ya kompyuta za Dell na HP, ambazo vishikilio vyake, plagi za feni zake, au vyote viwili, si vya kawaida, hata kipozaji kizuri cha sokoni kikakataa kukaa, au kikakaa lakini kompyuta ikatoa onyo la feni kila inapowashwa. Katika kompyuta za aina hiyo mara nyingi ni nafuu kusafisha kipozaji cha asili kuliko kutafuta kipya.

Hatua za kazi

Kazi huanza kwa kuondoa kipozaji cha zamani, na hatua hiyo ndiyo huharibu vifaa vingi. Kompyuta huachwa ikifanya kazi dakika chache ili pasti kuukuu ilainike, kisha huzimwa, waya wa umeme huchomolewa ukutani, na kitufe cha kuwashia hubonyezwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Fundi hugusa metali tupu ya kasha kabla ya kugusa ubao, na huendelea kufanya hivyo kila baada ya muda, kwa kuwa umeme tuli wa mwilini unaweza kuua saketi bila cheche kuonekana. Plagi ya feni huchomolewa, skrubu hulegezwa kidogokidogo, kisha kipozaji huzungushwa taratibu kulia na kushoto mpaka pasti iachie, ndipo kinyanyuliwe. Anayekivuta moja kwa moja juu, hasa katika soketi ya AM4 ambamo prosesa hushikwa na pini zake tu, anaweza kuing'oa prosesa pamoja nacho na kupinda pini ambazo huenda zisinyooke tena.

Baada ya hapo nyuso zote mbili husafishwa. Kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, hutosha. Alkoholi ya dawa ya asilimia 90 nayo hufaa, kwa sharti iachwe ikauke kabisa. Mafuta ya taa na petroli hayafai, kwa kuwa huacha utando wa mafuta na huweza kushika moto. Soketi za Intel za aina ya LGA zina pini nyororo ndani ya kitanda, hivyo prosesa haiondolewi bila sababu, na ikiondolewa, hakuna kinachoruhusiwa kugusa pini hizo, hata kitambaa.

Pasti mpya huwekwa katikati ya kifuniko cha prosesa, kiasi cha punje moja ya maharage madogo kwa prosesa za kawaida. Kwa kuwa pasti yenyewe hupitisha joto vibaya sana ikilinganishwa na shaba, lengo ni tabaka jembamba linaloziba mashimo ya hewa, wala si mto wa kulalia metali. Inayozidi husukumwa pembeni na kuchafua soketi, na ikikosekana upande mmoja hewa hubaki. Wako wanaotumia dawa ya meno pale pasti inapokosekana, na hupata nafuu ya muda mfupi kwa sababu ni laini na yenye maji, lakini maji hayo hukauka, mara nyingi ndani ya siku chache tu, na kinachobaki ni ukoko unaolizuia joto. Pasti za metali kimiminika zenye gali zinahitaji tahadhari ya aina nyingine, kwa kuwa gali hula alumini na hupitisha umeme, hivyo hazina nafasi katika kompyuta ya kawaida ya kazi.

Kipozaji kipya mara nyingi huja na karatasi ya plastiki kwenye kitako, na kuisahau ni kosa la kawaida ambalo hutambulika tu baada ya joto kupanda. Karatasi ikishaondolewa, kipozaji huteremshwa wima juu ya prosesa bila kuburutwa, huku mkono mwingine ukiwa tayari na skrubu ya kwanza. Skrubu hukazwa kwa msalaba: mizunguko michache ya kona moja, kisha kona inayoitazama kwa mshazari, na kurudi tena mpaka zote zikaze sawa. Anayekaza kona moja hadi mwisho kabla ya nyingine hukiinamisha kitako, pasti hukimbilia upande mmoja, na upande wa pili hubaki na pengo.

Vipozaji vya asili vya Intel havina skrubu bali vigingi vinne vya plastiki, ambavyo huwasumbua wanaoanza. Kila kigingi huzungushwa mpaka kiwe katika hali ya kufungia, husukumwa kwa kidole gumba hadi kisikike kikilia, na huko pia mpango ni wa mshazari. Uhakika haupatikani kwa sauti peke yake: ubao hutazamwa kwa nyuma, ambako pini nyeusi ya kila kigingi inapaswa kuonekana imepenya na kuutawanya mguu mweupe. Katika kompyuta za mitumba vigingi hivyo huwa vimechoka kwa kupata joto miaka mingi, na kuvifunga kwa waya huupa ubao mkazo usio sawa. Seti mpya ya vigingi, au kishikilio cha skrubu chenye bamba la nyuma, hutatua tatizo kwa gharama ndogo.

Mwisho feni huunganishwa na plagi yenye maandishi CPU_FAN karibu na soketi. Plagi ya pini nne ina waya wa ardhi, wa volti 12, wa kuripoti mwendo na wa kuamuru mwendo. Feni ya pini tatu huingia humo pia, ila haina waya wa kuamuru, na mwendo wake hubadilika tu pale ubao unapoweza kupunguza volti. Kipozaji kifupi kisicho cha mnara hupuliza hewa kuelekea ubao, jambo linalosaidia kupoza saketi za umeme zinazoizunguka soketi, wakati mnara huelekezwa ili upulize kutoka mbele ya kasha kwenda nyuma. Hewa hutokea upande wa feni wenye fremu na kibandiko cha katikati, na feni nyingi zina mshale ubavuni unaothibitisha hilo.

Kusoma joto baada ya kazi

Kompyuta ikiwashwa, mahali pa kwanza pa kuangalia ni BIOS, yaani programu ya msingi iliyomo katika ubao mama, ambayo huonyesha joto la prosesa na mwendo wa feni. Baada ya hapo programu kama HWMonitor katika Windows, au lm-sensors katika Linux, huonyesha joto wakati wa kazi halisi. Katika chumba chenye joto, prosesa isiyo na kazi huweza kukaa kati ya nyuzi 40 na 50 bila hofu, na ikibaki chini ya 80 wakati wa kazi nzito ya nusu saa, ufungaji umefaulu.

Muhimu zaidi ya nambari ni jinsi inavyopanda. Joto likiruka hadi 90 ndani ya sekunde chache za kazi nzito na kushuka ghafla kazi inapokoma, tatizo liko karibu na silikoni: pasti, karatasi iliyosahauliwa au kigingi kilicholegea, kwa sababu joto haliwahi kuingia katika metali. Likipanda polepole kwa dakika kumi au ishirini, metali yote ikawa ya moto kwa kuguswa, mgusano ni mzuri na tatizo liko mbali zaidi, katika mapezi yaliyoziba, feni iliyochoka au kasha lisilopitisha hewa. Na kama joto linashuka kwa nyuzi kumi kasha linapofunguliwa, tatizo ni hewa ya kasha, na hakuna haja ya kununua kipozaji kingine.

Vumbi, umeme na barabara

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, wakati bonde la Ruzizi limekauka, vumbi la barabara huingia kila chumba, na mahali panapopikwa kwa makaa masizi yake huongeza mafuta yanayolinatisha vumbi hilo kwenye mapezi. Mpango unaofaa ni kusafisha mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa kiangazi na mwishoni mwake, kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke. Kompyuta haiwekwi sakafuni, na upande wake wa nyuma haubanwi ukutani. Pasti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, au kila kipozaji kinapoondolewa.

Umeme wa Uvira unatokana na mto Ruzizi, ambao huteremka kutoka Ziwa Kivu hadi Ziwa Tanganyika na ambao mabwawa yake mawili, Ruzizi I la mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II la mwaka 1989, huhudumia nchi zaidi ya moja. Kukatika kwa umeme hakuipandishi prosesa joto, kwa sababu prosesa na feni huzima pamoja. Gharama ya joto huonekana pale jenereta au betri za jua zinapochukua zamu. Prosesa iliyojipunguza mwendo hurefusha kazi, na katika muda huo wa ziada skrini, diski na feni huendelea kula mafuta au akiba ya betri, hivyo kipozaji kibovu hulipiwa mara mbili bila kuandikwa popote.

Barabara nazo zinahusika. Kipozaji cha mnara kinaweza kufikia kilo moja au zaidi, na katika safari ya kuteremka kutoka Bukavu, au ya kuelekea Baraka na Fizi, uzito huo ukining'inia kwenye ubao uliosimama wima huweza kupasua ubao au kulegeza soketi. Kompyuta husafirishwa ikiwa imelazwa ili ubao uwe chini na kipozaji juu yake, au kipozaji kizito huondolewa na kufungwa upya kwa pasti mpya mahali inapofika.

Kwa kuwa joto hupita viungo vyote kwa zamu, matengenezo nayo yafuate zamu, kuanzia kile kisicho na gharama: kwanza dirisha na mahali kompyuta ilipowekwa, kisha vumbi, kisha pasti na mkazo wa skrubu, kisha feni, na mwisho kabisa kipozaji kipya. Fundi anayeandika joto kabla na baada ya kila hatua atajua kiungo kipi kilikuwa kimeziba na atamwonyesha mteja alicholipia, ilhali anayeanza kwa kuuza kipozaji kikubwa kwa ajili ya chumba kilichofungwa amerekebisha kiungo ambacho hakikuwa na kasoro.